Vim na hekta sifuri

Wandugu, Vim ni programu nzuri ya kuandikia: ya bure, nyepesi, inatumika bila intaneti. Bram Moolenaar aliitoa mwaka 1991, akaomba wanaoipenda wasaidie watoto wa Uganda. Naisifu, lakini niko na neno ju ya hesabu yake.

Tuseme uko na orodha ya walimaji wa Masisi na Walikale, majina na are. Unataka hekta. Unaamuru kila namba itafutwe, igawanywe kwa 100:

:%s#\d\+#\=submatch(0)/100#g

Mistari yote inageuka mara moja. Ila mwenye are 25 sasa ana hekta 0! Vim ikigawanya namba nzima kwa namba nzima, inatupa baki bila kukuonya. Weka 100.0, utapata 0.25.

Na sisi tunaandika 2,5 kwa koma. Izidishe kwa 2 kwa njia hiyo, inatoa 4,10, hapana 5, ju imeona namba mbili.

Kasoro ni hiyo: inaona tarakimu, haioni shamba. Mama wa hekta 0 atakosa mbegu bila kujua sababu. Basi jumlisheni are mbele, hekta nyuma, mlinganishe.