Feni ya Peugeot 404

Mwenye Peugeot 404 inayochemsha kwenye foleni hapungukiwi washauri, na wengi watamwambia afunge feni ya umeme. Fundi ninayemvulia kofia haanzi hapo. Anaomba gazeti.

Injini ikiwa ya moto na inazunguka taratibu, anaweka karatasi moja mbele ya rejeta. Feni ikivuta sawasawa, karatasi inanata, isipovuta, inaanguka. Kisha anazima injini na kupapasa rejeta kwa kiganja, sehemu kwa sehemu, akitafuta baridi katikati ya joto. Penye baridi mirija imeziba, pengine kwa chokaa ya maji ya kisima yaliyojazwa humo miaka nenda miaka rudi. Anakagua themostati, mkanda na kifuniko cha rejeta. Feni bado hajailaumu, na huo uvumilivu ndio unaonipendeza kuliko yote, maana feni kubwa kwenye rejeta iliyoziba itaongeza kelele, joto litabaki palepale.

Feni ya kawaida ya magari ya zamani imekazwa kwenye puli na hufuata mwendo wa injini. Kwenye foleni, inapohitajika hasa, inazunguka kivivu. Gari likishika kasi barabara kuu, upepo wa safari unatosha kupoza rejeta, lakini feni inaendelea kula nguvu. Tena inakula sana: mzunguko wake ukiongezeka mara mbili, nguvu inayohitaji huongezeka mara nane.

Wahandisi wa Peugeot walikuwa na jibu. 404, iliyotoka mwaka 1960, ilifungwa feni inayoweza kujiachia. Puli imebeba koili ya sumaku-umeme, na feni inaelea juu ya beringi yake. Maji yakipata moto, swichi ya joto inapitisha umeme kupitia kaboni ndogo, sumaku inakamata bamba la feni, nayo inazunguka pamoja na puli. Maji yakipoa, inaachiwa. Pengo kati ya sumaku na bamba halifiki nusu milimita, na fundi hulirekebisha pande zote kwa fila geji, akirudia mpaka lilingane. Ni kazi ya kuinama muda mrefu kwa kitu ambacho mwenye gari hatakiona kamwe.

404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, na msoma ramani wake Chris Rothwell. Mwaka 1963, na tena 1968, magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu. Sisemi feni ndiyo iliyoshinda, lakini gari lenye historia hiyo halistahili kubadilishwa ovyo.

Kwa hiyo ukimpa fundi wangu feni ya sumaku iliyokufa, kwanza anatazama kaboni, waya na swichi. Ubovu mara nyingi uko hapo, na kuurekebisha ni afadhali kuliko kutoboa gari la zamani ili kufunga feni nyingine. Koili ikiwa imeungua na haipatikani nyingine, ndipo anakubali feni ya umeme, kwa masharti. Ikae nyuma ya rejeta na kuvuta, kama nafasi ipo. Iwe na kava, ili hewa ipite kwenye rejeta nzima badala ya duara la mapanga peke yake. Ifungwe kwenye fremu, kamwe isifungwe kwa vibanio vya plastiki vinavyopenya kwenye mapezi ya rejeta na kuyasaga kidogo kidogo. Na umeme wake upite kwenye relei na fyuzi, baada ya kuhakikisha dinamo inaumudu pamoja na taa kubwa usiku.

Majaribio anayafanya juani, gari limesimama, boneti imefungwa, kwa sababu hivyo ndivyo litakavyokuwa kwenye foleni. Anakaa na geji ya joto. Feni ikishika na kuachia mara kadhaa, anakabidhi ufunguo. Ikishika isiachie, rejeta inashushwa.