Kuzifya Shi na Kubana Shi: Haki ya Vita katika Habari za Wakilindi

Katika nchi ya Washambaa, tangu Vugha hata Dindira iliyo leo wilayani Korogwe, wazee walikuwa na maneno mawili ya kupimia utawala: kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi ikapona, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mvua iliponyesha kwa wakati wake na chakula kikapatikana, ilisemwa kwamba nchi imetengenezwa. Njaa ilipoingia na watu wakatawanyika, ilisemwa kwamba nchi imeharibiwa, na wa kwanza kuulizwa alikuwa mtawala. Steven Feierman aliyachunguza maneno hayo katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wakulima wenye fikra wa Usambara. Kipimo hicho kilikuwa cha utawala wa siku zote. Walakini chafaa pia kupimia vita, na hakuna kitabu cha Kiswahili kinachostahili zaidi kupimwa nacho kuliko Habari za Wakilindi.

Mtungaji wake, Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, alikuwa mtu wa pwani aliyekaa Mazinde pamoja na chifu Semboja, na baadaye akawa liwali wa Tanga katika enzi ya Wadachi. Kitabu kilichapwa kwanza na wamisionari wa Magila, kisha kikatolewa upya na J. W. T. Allen mwaka 1962. Aghalabu husomwa kama historia ya nasaba moja. Kina thamani nyingine: ndani yake mna swali la lini mtu ana haki ya kushika silaha, ingawa mtungaji hakuliuliza kwa maneno.

Swali hilo laanza pale ambapo hapana vita. Mbega, mzee wa ukoo, hakuingia Usambara kwa jeshi. Alifukuzwa kwao Nguu kwa sababu ya kigego, akawa mwindaji. Akawaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, akaamua mashauri yao, akamwua simba usiku, hata akatawazwa Vugha. Iwe ni habari iliyotokea hivyo au ni masimulizi ya kuupamba ukoo, maana yake ni moja: haki ya kutawala yatokana na kuwaondolea watu madhara na kuwalisha. Silaha ya Mbega ilielekezwa kwa mnyama, si kwa mtu. Kwa hiyo kila vita vinavyofuata katika kitabu vyasimama mbele ya mwanzo huo kama mshtakiwa mbele ya kadhi.

Mshtakiwa wa kwanza ni Semboja. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, kiti cha Vugha kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa Mazinde chini ya milima, palipopita njia ya misafara, naye alipata bunduki na nguo kuliko wenzake wa milimani. Akamwondoa Shekulwavu, akamweka mwanawe Kimweri Maguvu kuwa mfalme wa Vugha, na mwenyewe akabaki Mazinde penye biashara. Kubaki huko kwasema mengi. Mtu aliyepigana ili aiponye nchi angalikaa pale nchi inapoponywa. Semboja alikaa pale watu wanapobadilishwa kwa baruti. Mateka wa vita vile waliuzwa pwani, na mali iliyopatikana ikanunua vita vingine.

Mshtakiwa wa pili ni mgumu zaidi kuhukumiwa. Wabondei, kwa kuchoshwa na machifu wa Kikilindi waliotwaa mali zao na watu wao, waliondoka dhidi yao yapata mwaka 1868, katika maasi yaitwayo Kiva. Hapa sababu ilikuwa nzuri. Mtu akinyang'anywa mwanawe na yule aliyewekwa amlinde, hawezi kuambiwa kwamba wajibu wake ni kutii tu. Lakini Wakilindi waliokamatwa, wengine waliuawa, na wengine waliuzwa utumwani kama vile wao walivyokuwa wakiuza. Dhuluma haikuondolewa, ilibadilishwa mikono. Tena machafuko yale yalimfaa Semboja, kwa kuwa yalimdhoofisha Shekulwavu. Basi Kiva chafundisha jambo ambalo sababu njema peke yake haifundishi: haki ya kuanza vita ni moja, na haki ya kutenda ndani ya vita ni nyingine, wala ya kwanza haiwezi kuilipia ya pili.

Msomaji aweza kupinga kwamba kipimo cha kuzifya shi ni kipimo cha mshindi. Washambaa wenyewe walisema kwamba nguvu kwa nguvu, yaani wenye uwezo wawili wakishindana bila mmoja kumweza mwenzake, huleta njaa. Na nguvu moja ikitamalaki, nchi hutulia. Je, si kusema kwamba anayeshinda ndiye mwenye haki? Pingamizi hili lina uzito, walakini habari za Semboja zalijibu. Semboja alishinda, na nchi haikupona: ugomvi wa Wakilindi uliendelea, na watu wakazidi kuuzwa. Kama ushindi ungekuwa ndio haki, kipimo hiki kingemsifu, nacho chamshtaki. Ushindi humpa mtu nafasi ya kuitengeneza nchi, haumpi sifa ya kuwa ameitengeneza.

Pingamizi la pili lahusu walioshindwa. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy wasimulia vita vya pwani vya mwaka 1888 na 1889, baada ya Sultani wa Unguja kuikabidhi Kampuni ya Kidachi utawala wa mrima bila wenyeji kuulizwa. Wenyeji walishindwa, na Bushiri bin Salim akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Je, nao waliharibu nchi kwa kupigana vita wasivyoviweza? La. Yafaa kuulizwa ni nani aliyeivunja, na anayejitetea hawezi kutwikwa dhambi ya aliyemshambulia. Atatwikwa aliyoyatenda mwenyewe tu. Bushiri, alipopungukiwa na askari, aliwaleta Wambunga kutoka bara, nao wakaiteka nyara nchi ya Wazaramo, ambao hawakuwa adui zake. Hapo kosa la Kiva lilirudi.

Kwa haya yote, Habari za Wakilindi kina upungufu usioweza kufichwa. Mtungaji aliishi na machifu, na kitabu chake kimejaa majina ya machifu. Wale waliouzwa hawana jina. Kipimo cha kuzifya shi kilitoka kwa wakulima, lakini ushahidi umeandikwa na mtu wa baraza. Mhakiki hana budi kukisoma kitabu hiki kwa kuuliza, kila vita vinapotajwa, ni nani aliyelima mwaka uliofuata.

Swali hilo halikwisha pamoja na Wakilindi. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwezi wa Oktoba 1978, Julius Nyerere aliwaambia Watanzania kwamba wanao uwezo, wanayo sababu, na wanayo nia ya kupigana. Sababu na nia ni miongoni mwa masharti yaliyotajwa pia na Thomas Aquinas zamani, na kwa Kagera yalitimia: nchi ilikuwa imeingiliwa na watu wake kuuawa. Lakini vita havikukoma mpakani. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia mwaka huo, baadhi ya viongozi waliilaumu Tanzania kwa kumwondoa mtawala wa nchi nyingine. Waliolaumu waliangalia mpaka. Waliotetea waliangalia dhuluma ya Amin. Wazee wa Usambara wangaliuliza neno la tatu: je, Uganda ilipona? Jibu ni zito kwa pande zote mbili, maana mwuaji aliondoka, na bado Waganda wengi walikufa katika vita vya ndani hata mwaka 1986.

Jibu hilo halibatilishi haki ya kumfukuza Amin kutoka Kagera. Laonyesha kwamba haki ya kujitetea ina ukomo, na kwamba anayeuvuka mpaka wa mwenziwe, hata kwa sababu njema, ameshika deni la kuitengeneza nchi ile. Semboja hakulilipa deni lake. Abdallah bin Hemedi, aliyekula chakula cha Semboja, hakuliandika deni hilo waziwazi. Lakini aliandika habari za kutosha kwa wengine kulihesabu.