Tagore na Sanamu ya Taifa

Wapendwa, tumezoea kuonywa juu ya sanamu za miti na mawe. Rabindranath Tagore, mshairi wa Bengali ambaye hata Mkristo hakuwa, aliitaja nyingine. Mwaka 1916 alikwenda Japani akawaambia wenyeji wake waziwazi kwamba taifa likiabudiwa humla binadamu. Shangwe za kumpokea zikapoa. Onyo hilo ni la kweli, ila naona alipita haraka penye uchungu: anayekanyagwa na mkoloni atauachaje uzalendo, ngao aliyobaki nayo? Hata hivyo, Waingereza walipoua watu Amritsar mwaka 1919, Tagore aliomba avuliwe cheo cha “Sir” walichompa, asimame na ndugu zake waliodharauliwa. Aliwatetea kwa kuwa ni watu.