p63 si swichi ya ngozi: makala mbili za 1999 na neno lililotupoteza

Jikwaruze mkono kidogo kwa ukucha. Ule unga mweupe unaobaki ni seli zilizokufa, na kila moja ilianza safari yake wiki kadhaa zilizopita chini kabisa ya epidemisi, yaani tabaka la nje la ngozi yako. Ilipokuwa chini ilitengeneza keratini namba 5 na namba 14. Ilipopanda kidogo ikazima hizo, ikawasha namba 1 na namba 10. Ilipokaribia juu ikawasha lorikrini na filagrini, ikajaa protini ngumu, ikapoteza kiini chake, ikafa. Njia nzima DNA yake ilibaki ile ile. Kilichobadilika ni jeni zipi zinasomwa na zipi zimeachwa kimya.

Umeona nilivyoandika? "Ikazima", "ikawasha". Hata mimi ninayetaka kuilalamikia lugha ya swichi siwezi kumaliza aya moja bila kuitumia. Ndiyo maana leo nataka tuihoji, na tuanzie kwenye makala mbili zilizotoka katika toleo moja la jarida la Nature, Aprili 1999. Moja inaishia ukurasa wa 713, nyingine inaanza ukurasa wa 714. Zinazungumzia jeni moja na panya wa aina moja. Halafu zinakupa majibu mawili.

Jeni yenyewe ni p63. Protini yake hushika DNA na kuamua jeni nyingine zisomwe au zisisomwe, na ni ndugu wa p53, ile maarufu kwenye utafiti wa saratani. Makala ya kwanza ni ya Alea Mills na wenzake, kutoka maabara ya Allan Bradley. Ya pili ni ya Annie Yang na wenzake, kutoka maabara ya Frank McKeon. Kila kikundi kiliivuruga p63 kwa panya kikaangalia kitatokea nini. Kilichotokea kinatisha. Panya walizaliwa bila miguu kamili, bila meno, bila nywele, bila tezi za maziwa. Badala ya epidemisi yenye matabaka walikuwa na utando mwembamba tu. Maji ya mwilini yalitoka bila kizuizi, na wakafa muda mfupi baada ya kuzaliwa.

Mpaka hapo hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza pale kila upande unapoeleza maana ya ule utando.

Kwa Mills na wenzake, utando ule ni tabaka moja la seli ambazo hazikuanza kabisa safari ya kuwa ngozi. Alama za ukomavu hazikuonekana. Kwa hiyo, wanasema, p63 inahitajika ili seli za juu za kiinitete zishike njia ya kuwa epidemisi. Yang na wenzake walitazama mwili wa namna ile ile wakaona kitu cha ziada: mabaka madogo ya seli zenye alama za ukomavu, zikiwemo lorikrini na filagrini. Yaani baadhi ya seli zilifika mwisho wa safari. Kwa hiyo, wanasema, p63 haihitajiki kuianza njia. Inahitajika kuzitunza seli shina, zile zinazoendelea kugawanyika na kujaza nafasi za waliokufa.

Sasa fikiria umefika kwenye kiwanja ukakuta hakuna nyumba. Je, haikujengwa, au ilijengwa ikabomoka? Kiwanja kitupu hakikuambii. Lakini ukikuta kipande cha plasta iliyokwisha kupakwa rangi, unajua kuna fundi aliyefika mbali. Yale mabaka ni plasta yenye rangi, na kwangu mimi hapo ndipo makala ya Yang inapoishinda ya Mills. Anayedai kwamba safari haikuanza lazima atuambie hao waliofika walipitia wapi.

Ila tusimpe Yang ushindi wote. Mabaka yanathibitisha kwamba baadhi ya seli zilikomaa. Peke yake hayathibitishi kwamba seli shina zilikuwepo zikaisha. Kutoka "kuna waliofika" hadi "waliobaki walichoka" kuna hatua, na mwaka 1999 hatua hiyo ilirukwa. Ushahidi mzito zaidi wa upande huu ulikuja mwaka 2007 katika jarida la Cell, tena kutoka kwa McKeon na wenzake. Na kasoro moja ni ya wote wawili: hoja zao kuhusu ngozi zinategemea zaidi picha za mwisho wa safari, lakini mahitimisho yao ni kuhusu safari yenyewe.

Mwaka 2009 ikaongezeka sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Ilionekana kwamba ukoo mmoja wa panya kutoka maabara ya Bradley, uliotumika miaka mingi kama panya "wasio na p63", bado ulikuwa unatengeneza kipande cha protini hiyo. Kumbe hata neno "wasio na" lilihitaji kukaguliwa.

Katikati ya haya yote, mwaka 2004, likaja neno lenyewe. Maranke Koster, Dennis Roop na wenzao walichapisha kwenye Genes & Development makala ambayo kichwa chake kinaiita p63 swichi ya kuanzisha upangaji wa matabaka. Hapa inabidi ujue kwamba jeni ya p63 hutoa protini za familia mbili: TA, iliyo ndefu, na delta-N, iliyokatwa mwanzoni. Makala ilidai kwamba TA ndiyo inayoanzisha kazi. Ni utafiti makini, na muhtasari wake una busara kuliko kichwa chake: unasema p63 ina kazi mbili, kuanzisha matabaka na kutunza uwezo wa seli za chini kugawanyika, na kwamba TA lazima isawazishwe na delta-N. Lakini nani hunukuu muhtasari? Kilichosafiri ni "swichi".

Nakiri na mimi niliibeba. Mwaka wa kwanza wa uzamili niliandika kwenye slaidi, kwa herufi kubwa: P63 NI SWICHI KUU YA NGOZI. Mwenzangu mmoja akauliza, "Inawasha nini?" Nikajibu, "Ngozi." Watu wakacheka, na nikaona aibu, maana nilijua sijajibu kitu.

Tuipime hiyo swichi basi. Kama TA ndiyo kidole kinachowasha, ukiitoa TA pekee ngozi isingetokea. Panya waliotolewa TA pekee walizaliwa na ngozi, ingawa baadaye walipata vidonda na kuzeeka mapema. Panya waliotolewa delta-N pekee, katika utafiti wa mwaka 2012, walifanana zaidi na wale waliokosa p63 yote. Dai la nani anaanzisha likayumba.

Pigo kubwa zaidi kwa swichi lilitoka mwaka 2018, katika utafiti wa Jillian Pattison, Anthony Oro na wenzao uliotumia seli shina za kiinitete za binadamu. Waligundua kwamba p63 huleta mabadiliko makubwa baada ya ishara nyingine mbili, asidi ya retinoiki na BMP4, kubadilisha kwanza ni sehemu zipi za DNA zimefunguka. Ukiiweka p63 mapema, kabla ya maandalizi hayo, matokeo si yale yale. Swichi ya taa haijali nani alipita chumbani kabla yako. p63 inajali sana.

Halafu kuna watu, na hapa ndipo mjadala unapoacha kuwa wa maneno tu. Mwaka 1999 huo huo iligundulika kwamba mabadiliko katika jeni hii husababisha ugonjwa unaoitwa EEC: mtoto huzaliwa na mikono au miguu iliyopasuka katikati, mara nyingi na mdomo wa sungura, na matatizo ya nywele, meno na ngozi. Mwaka 2001 ikaunganishwa na ugonjwa mwingine, AEC, ambao ngozi yake huchubuka vibaya, hasa kichwani. Wagonjwa hawa wana nakala moja nzima ya p63. Ngozi wanayo. Katika EEC, kasoro kwa kawaida iko kwenye sehemu ya protini inayoshika DNA. Katika AEC mara nyingi iko karibu na mkia wake. Na kwa kuwa p63 hufanya kazi nne nne, nakala mbovu inaweza kuiharibia kazi ile nzima. Mzazi akiambiwa "swichi ya ngozi ya mtoto wako haikuwaka", ameambiwa jambo ambalo si kweli, na halitamsaidia kuelewa kwa nini ngozi ipo lakini haishikilii, wala kwa nini tatizo limefika kwenye vidole na meno.

Tuseme nini badala yake? Mimi siku hizi nasema p63 ni msimamizi wa ujenzi. Anakuta kiwanja kimeshasafishwa na wengine, anaelekeza mafundi, na lazima abaki kazini kila siku maana ngozi haiishi kujengwa. Mfano huu nao una mipaka yake, lakini angalau unakulazimisha kuuliza: amefika lini, amekuta nini, na akiondoka nini kinabomoka kwanza?

Ukitaka kuzisoma mwenyewe, anza na Mills, kisha Yang, siku hiyo hiyo. Ukifika kwenye picha za yale mabaka, simama. Rudi kwenye picha za Mills, ujiulize kama wewe ungeyaona.