Mbaga, Juu ya Same: Nimefika Hatimaye!

Jamani, nimefika Mbaga! Miaka yote hii nimekuwa nikipita Same kwa basi, nanunua maji dirishani, nasinzia tena, kumbe nyuma ya vilima vile vikavu kuna mahali pa namna hii. Kwa wanaosafiri kwenda Moshi na kurudi kila mwaka: shukeni Same. Hata kwa siku moja.

Tulitoka Same saa 12 asubuhi, watu wanne na gari la kukodi. Kulia milima, kushoto nyika ya Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, ikinyooka hadi mpaka wa Kenya. Hadi kijiji cha Kisiwani ni vumbi na miiba. Kisha barabara inaanza kupanda kwa kona, na kabla hujamaliza kushangaa unatafuta sweta! Upande huu ndio unaopokea mawingu ya Bahari ya Hindi. Mvua inaishia huku, Same wanabaki na upepo. Ghafla migomba, kahawa, ukungu, na mtoto anakuamkia shikamoo kutoka juu ya ukingo ambao wewe ulidhani ni dari.

Nyumba ya mmisionari Jakob Dannholz, wa Misheni ya Leipzig, ingali imesimama, na siku hizi hupokea wageni. Dannholz aliishi hapa mwanzoni mwa karne ya 20 na kuandika kitabu kuhusu imani za Wapare, kilichotoka 1916. Nilikaa pale nje nikitazama bonde, chai ikapoa mkononi.

Mwenyeji wetu akatupeleka mapango ya Mghimbi, ambako watu walijificha wawindaji wa watumwa wasiwaone. Ndani unainama, unapapasa ukuta wenye unyevu, unasikia pumzi yako mwenyewe. Pale mwamba wa Malameni, panaposimuliwa kuwa watoto walitolewa kafara zamani, alivua kofia na hakusema mengi. Nasi tukanyamaza.

Lakini kilichonipata hasa ni ndiva! Nilitarajia dimbwi. Nikakuta ziwa dogo limekumbatiwa na mteremko, maji yametulia, migomba imejipindua ndani yake kichwa chini. Wapare walianza kuchimba haya mabwawa karne nyingi zilizopita: kijito kinajaza usiku kucha, asubuhi maji yanafunguliwa kwenda mashambani kwa mifereji, kila mtu kwa zamu yake. Mzee mmoja alishuka hadi ukingoni, akashika mti mrefu uliozibia tundu, akauzungusha kidogo, akauvuta. Maji yalinguruma! Yakapita kwenye mfereji usiozidi upana wa jembe, akayafuata kwa miguu mitupu, akisukuma majani kwa ncha ya fimbo, anafungua hapa, anaziba pale kwa udongo. Nikamfuata karibu nusu saa, viatu vimelowa, sikujali.

"Shikamoo babu, haya yote ni ya shamba lako?"

"Marahaba. Leo ni ya jirani, mimi namsaidia tu. Yangu Alhamisi."

Mchana tulikula makande ya kwao, mahindi laini kabisa, maharage yamepasuka, tui juu. Nimekula makande maisha yangu yote. Haya nimeyaongeza mara mbili. Kwa mbali Shengena, mita 2,462, kilele kirefu kuliko vyote Upareni, kilitoka mawinguni kwa dakika moja hivi, kikajifunika. Kukipanda kunataka siku yake na miguu ya kweli.

Tulishuka saa 10 jioni. Taa za Same zilipoanza kuonekana nilikuwa nawaza watu wa milima hii walioteremka kwa maelfu Januari 1945, wakajaa hapo bomani kuikataa kodi ya mbiru, na hatimaye ikafutwa. Wenzangu walikuwa wamelala. Mimi nilikuwa nahesabu siku: leo Jumamosi, Jumapili, Jumatatu... Alhamisi babu anafungua maji yake, na nimeshamwomba dereva aje alfajiri.