Rangi za Nguzo

Picha ya "Nguzo za Uumbaji", iliyopigwa kwa darubini ya Hubble tarehe 1 Aprili 1995 na kutayarishwa na wanafalaki Jeff Hester na Paul Scowen, yaonyesha mawingu ya gesi na vumbi yazaayo nyota. Imelaumiwa kuwa rangi zake ni za uongo. Siafiki. Nuru ya haidrojeni na ya salfa, kwa jicho letu, zote ni nyekundu. Haidrojeni ikapewa kijani, salfa nyekundu, oksijeni buluu, ili kila gesi isomeke peke yake. Nami nifasiripo, kaa la moto na kaa wa pwani siwezi kuvipa neno moja ati kwa kuwa kwetu vina sauti moja. Ingekuwa hadaa lau kanuni ingefichwa, ilitangazwa.

Tazama pia pembe ile nyeusi yenye umbo la ngazi. Kamera moja kati ya nne ilikuza zaidi, taswira yake ikapunguzwa ilingane na wenzake, pakabaki pengo. Hawakuliziba. Picha ya James Webb ya 2022 yapenya vumbi na kutoa nyota changa waziwazi; kwa elimu, imeipita. Hata hivyo ya 1995 ndiyo niirudiayo.