STERINGI ANA KITOVU

Ndugu msomaji, ukiingia kibanda chochote cha video, kuanzia Ruangwa mjini mpaka Nachingwea, utakuta sheria moja ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaijua: steringi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, nyumba imwangukie, wewe tulia tu. Dakika tano kabla picha haijaisha atatokea, shati limechanika kidogo, na adui atajuta kuzaliwa. Ukimhurumia steringi anapopigwa, washkaji watakucheka.

Mimi sheria hiyo naipinga. Utoto wake haunisumbui, maana sote tulikuwa watoto. Naipinga kwa sababu inaua hadithi, na waandishi chipukizi tumeibeba kutoka kwenye kibanda cha video tukaiingiza katika madaftari yetu. Soma miswada tunayopeana kijiweni: shujaa anajua karate, ana bastola, ana mabibi watatu, na hakuna ukurasa hata mmoja ambapo moyo wa msomaji unadunda. Utadundaje wakati mwisho unajulikana?

Mashahidi wangu nitawatoa mahali ambapo wengi hamkutegemea: katika hadithi za picha za zamani, zile za mashujaa wenye nguvu za ajabu, ambazo wakubwa wengi huziita upuuzi. Siku hizi hata huku Nambilanje, mtandao ukikubali, unaweza kuziona kurasa zake kwenye simu. Nasema watu waliozitunga na kuzichora walijua jambo moja kubwa: shujaa hupimwa kwa pale anapoweza kuchomwa.

Tuanze na babu yao. Superman alitokea katika toleo la kwanza la Action Comics, Juni 1938, bei senti 10 za Marekani. Watunzi wake walikuwa vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, umri kama wetu tu. Haki zote za shujaa huyo waliziuza kwa dola 130, na hilo liwe funzo kwa kila mwandishi anayesaini karatasi bila kuisoma! Lakini sasa tazama alivyokuwa Superman wa siku hiyo. Hakuwa anaruka angani kama ndege. Alikuwa anadunda, mruko mmoja kama mita 200 hivi. Alikimbia kuliko treni, alinyanyua gari, na ngozi yake ilihitaji kombora linalolipuka ndipo ipenye. Basi, mwisho wake ulikuwa hapo, na msomaji ameambiwa mapema.

Na kazi alizozifanya humo, katika kurasa 13 tu! Anamwokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo bila kosa. Anamkamata bwana anayempiga mkewe. Anaanza kumfuatilia mwanasiasa anayekula rushwa. Hakuna jini kutoka sayari nyingine, hakuna dunia kutaka kupasuka. Ni matatizo ambayo msomaji wa 1938 aliyajua mtaani kwake, na ambayo sisi tunayajua bado. Ndiyo maana ukurasa ule haujachuja. Mwandishi alitangaza mipaka ya nguvu, kisha akaipeleka nguvu hiyo kwa watu wenye shida za kweli.

Yaliyofuata yanathibitisha hoja yangu. Miaka ilivyokwenda, waandishi wakawa wanamwongezea Superman nguvu, leo hii, kesho ile. Akapaa, akaona nyuma ya ukuta, akafika mahali hakuna kitu cha kumtisha. Kumbe wamejifungia mlango! Utamwandikia nini mtu asiyeweza kuumia? Ikabidi watafute jiwe, kryptonite, la kumlegeza. Lilianza katika mchezo wa redio mwaka 1943, likaingia katika majarida mwaka 1949. Yaani walilazimika kumtoboa wenyewe ili hadithi ipate kupumua. Na mwishoni mwa 1992, shujaa akiwa amezidi ukubwa, wakamuua kabisa, watu wakapanga foleni kununua toleo la kifo chake. Mwaka 1993 akarudi, mzima wa afya. Steringi hafi! Tangu hapo katika majarida yale kifo kimekuwa kama likizo, na msomaji amejifunza kutolia.

Kati ya miaka hiyo alizaliwa mwingine ambaye kwangu mimi ni fundi zaidi. Agosti 1962, Stan Lee na mchoraji Steve Ditko walimtoa Spider-Man katika kurasa 11. Ni mtoto wa shule, mnyonge, hana wazazi, analelewa na mjomba na shangazi. Buibui anamng'ata, anapata nguvu. Je, anakimbilia kuwaokoa watu? La hasha! Anakwenda kutafuta pesa na sifa. Mwizi anapita mbele yake, yeye anamwachia, eti si kazi yangu. Usiku mwizi yuleyule anamuua mjomba wake. Unaona mkuki ulipoingilia? Hakuna jiwe la kutoka angani. Udhaifu wa kijana huyu umo katika tabia yake mwenyewe, na ukishausoma huwezi kumwonea wivu wa nguvu zake.

Sasa msomaji atasema, ndugu yetu ameloweshwa na mambo ya Wazungu. Subiri. Siegel na Shuster walizaliwa wote wawili mwaka 1914. Mwaka mmoja kabla yake, 1913, Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikuwa amekwisha kuutunga utenzi wa Fumo Liyongo. Na hata hapo hadithi ilikuwa kongwe, maana Askofu Edward Steere alikwisha kuichapa katika kitabu chake cha ngano za Waswahili mwaka 1870. Steringi wetu aliwatangulia.

Liyongo ni jitu la miraba minne na mpiga mishale asiye na mwenzi. Sultani wa Pate anamwogopa, anapanga kumuua. Wanamfunga gerezani, na mama yake anampelekea mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi wanakula chakula kizuri, mkate mbaya wanamwachia mfungwa. Watu wanacheza gungu nje kwa kelele, yeye ndani anakata pingu kwa tupa. Jamani, ni sinema hiyo! Hata leo ukiisimulia barazani hakuna atakayeondoka kabla hujafika mwisho.

Lakini ufundi wenyewe uko kwenye kitovu. Silaha zote hazimdhuru Liyongo, isipokuwa kitu cha shaba kikimchoma kitovuni. Na siri hiyo anaijua yeye. Sultani anamrubuni mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na mke. Mtoto anakwenda kumuuliza baba yake: kitu gani kinakuua? Baba anatambua kuwa mtoto amedanganywa, na bado anamwambia. Mtoto anamchoma akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anapiga goti karibu na kisima, na kufia pale na mshale wake tayari mkononi. Watu wanakaa na kiu, wanaogopa kwenda kuteka maji, wakidhani yu hai. Hata maiti yake inalinda kisima. Na mtoto aliyemsaliti hapati alichoahidiwa.

Pima mwenyewe, ndugu msomaji. Jiwe la Superman linaanguka kutoka angani, halina uchungu. Shaba ya Liyongo inashikwa na mkono wa mwanawe. Mtunzi wa zamani hakutafuta adui mwenye misuli mikubwa zaidi ya shujaa. Alijua jitu haliangushwi na jitu, huangushwa na yule linayempenda. Ndiyo maana Liyongo hajarudi toleo lililofuata, na ndiyo maana bado tunamlilia.

Hapa katikati wapo mashujaa ambao wazazi wetu waliwasoma na sisi tumewarithi kwa masimulizi. Miaka ya 1960 na 1970 kijana wa Dar es Salaam au Nairobi alikuwa na Spear, yaani Lance Spearman, mpelelezi wa jarida la African Film. Lilitumia picha za kamera badala ya michoro, na Spear aliigizwa na Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini: kofia ya Panama, tai ya kipepeo, sigara kubwa mdomoni. Kwetu Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alitoa jarida la namna hiyohiyo kwa Kiswahili, Film Tanzania. Spear hakuwa na nguvu za ajabu hata moja. Alikuwa mtu mweusi aliyevaa vizuri na kushinda, na kwa msomaji wa siku zile hilo lenyewe lilikuwa nguvu ya ajabu.

Halafu Sani ikaleta kundi lake: Kipepe, Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Madenge, watoto wa kalamu ya Philip Ndunguru. Alipofariki, wachoraji wengine waliendelea kuwachora, kwa kuwa wasomaji hawakukubali kuachana nao. Siri yao ni nini? Hawa ni kitovu kitupu! Hawana silaha, hawana cheo, kila mpango wao una tundu. Tunawacheka kwa sababu tunajua mahali wanapoumia, ndipo nasi tunapoumia. Mchekeshaji na shujaa ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti ni kwamba mmoja anaficha kitovu na mwingine anatembea tumbo wazi.

Sisemi kila cha kale ni dhahabu. Zamani ina uchafu wake na tuuseme. Katika majarida mengi ya Marekani ya enzi hizo mwanamke kazi yake ni kupiga kelele asubiri kuokolewa. The Phantom, aliyeanza 1936, ni Mzungu anayekaa msituni na watu weusi wanamnyenyekea kama mzimu wao. Mpaka Julai 1966 ndipo Black Panther, mfalme wa Kiafrika, alipoingia katika kurasa za Marvel. African Film nayo ilitolewa na kampuni ya Drum ya Afrika Kusini, nchi iliyokuwa chini ya ubaguzi wa rangi, na Spear alipambana na majambazi tu. Makaburu hakuwagusa. Tuchukue ufundi, ujinga tuwaachie wenyewe.

Lakini sisi wa kusini tuna sababu ya ziada ya kuchunga jambo hili. Maneno "risasi hazimwingii" kwetu si ya katuni. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, wakaamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Vita vikatoka Umatumbi vikaenea kusini yote, Wamwera wakiwamo, mpaka 1907. Waliokufa ni makumi kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Maji yale yaliwaunganisha watu ambao hawakuwa wamewahi kupigana pamoja, hilo ni kweli na ni kubwa. Lakini risasi ziliingia. Wajukuu wa watu hao wakiandika shujaa asiyeumia, waandike wakijua.

Ebrahim Hussein alilijua hilo alipoandika tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969. Angeweza kutupa steringi wa kifua mbele, mpiga Wajerumani. Badala yake akatupa mtu ambaye neno lake limemzidi ukubwa, anayetilia shaka sauti aliyoisikia, huku watu wamekwisha kushika silaha. Mwishoni anapotakiwa aseme maji yalikuwa uongo, anakataa, ijapokuwa atanyongwa. Mwili wake unatobolewa kama miili yetu. Anachokilinda ni kitu kingine kabisa, na hapo ndipo anakuwa shujaa.

Basi tufanye nini sisi wenye madaftari? Kwanza, kabla hujaandika mstari wa kwanza, jua shujaa wako anachomwa wapi, na mwambie msomaji mapema. Ukimficha mpaka mwisho atakuona mwongo. Pili, usimzushie nguvu mpya ukurasa wa mwisho kwa vile umekwama. Waandishi wa Superman walifanya hivyo wakalipa deni miaka na miaka. Tatu, siri ya kitovu usimpe adui, mpe mtu wa karibu: mtoto, rafiki, mke, mama. Na nne, kama anakufa, afe. Usimfufue ili uuze toleo lingine.

Mtu anaweza kuniuliza, je, watu watasoma? Hawataki steringi anayeshinda? Wanataka, bwana, hata mimi nataka. Lakini ushindi una ladha pale ambapo kushindwa kulikuwa kunawezekana. Katika riwaya ninayoiandika, shujaa wangu ni dada mmoja dereva wa bodaboda, barabara ya Nambilanje kwenda Ruangwa, msimu wa korosho. Haogopi jambazi wala giza. Ana mdogo wake wa kiume, na huyo mdogo anadaiwa. Sijamaliza, ila kila ninapoandika sura ambayo huyo mdogo hayumo, naona hadithi inalala, na akiingia tu inaamka.

Wenzangu, nileteeni miswada tusome pamoja. Nitakusifu ukistahili, nitakukosoa ukistahili. Ila kabla hujanipa daftari, nitakuuliza swali moja tu, na jibu lake liwe tayari mdomoni: huyu steringi wako, kitovu chake kiko wapi, na ni nani anayejua?